Bert Jansch: gita la kuazima, santuri ya pauni 100

Kabla Waingereza hawajabadilisha sarafu yao mwaka 1971, pauni moja ilikuwa na peni 240. Pauni 100, basi, ni peni 24,000. Santuri ya kwanza ya Bert Jansch, mpiga gita na mwimbaji wa Scotland, ilitoka mwaka 1965, na inatajwa kuwa iliuza nakala 150,000 kadiri miaka ilivyosonga. Mkanda wake, yaani rekodi yenyewe, kampuni ya santuri ya Transatlantic iliununua kwa pauni 100. Gawanya mwenyewe: kila nakala inaangukia chini ya moja ya tano ya peni. Sarafu ndogo kuliko zote, ile ya robo peni, ilikuwa imeshaondolewa sokoni mwishoni mwa 1960, na hata ingekuwepo ingekuwa kubwa mno kwa malipo hayo.

Hesabu hii hupendwa sana na wanaoandika habari za wanamuziki walioliwa. Kijana maskini wa Edinburgh, kampuni ya London, saini, kwisha habari. Hesabu yenyewe sina ugomvi nayo. Shida yake ni kwamba inatukodolesha macho kwenye pesa hadi tunasahau kuuliza ni kitu gani hasa kiliuzwa. Jansch alitunga nyimbo, tena nzuri, lakini utunzi wake mkubwa ulikaa kwenye vidole vilivyopiga gita chini ya wimbo. Biashara ya muziki ya wakati ule ilijua kuhesabu maneno na ilijua kuhesabu sauti ya kuimba. Kilichopigwa chini yake ilikiita usindikizaji, na usindikizaji ulilipwa kama kibarua.

Tuanzie alikotoka. Alizaliwa Glasgow tarehe 3 Novemba 1943, katika ukoo uliotoka Hamburg na kulowea Scotland zama za Malkia Victoria. Alikulia Edinburgh, West Pilton, mtaa wa nyumba za halmashauri kaskazini mwa mji. Alipomaliza shule alifanya kazi kwenye bustani ya miche. Agosti 1960, akiwa bado na miaka 16, akaiacha kazi hiyo ili awe mwanamuziki wa kudumu. Gita lake mwenyewe hakuwa nalo.

Alichokuwa nacho ni klabu. Iliitwa The Howff, neno la Kiskoti ambalo kwa Kiswahili cha leo tungelitafsiri kijiwe, bila kuongeza wala kupunguza. Jansch alijifanya mlinzi wa pale bila kuteuliwa na mtu, akalala humo humo, na watu wakija na magita yao akawa anayaazima. Waliomfundisha walikuwa Archie Fisher na Jill Doyle. Hao ndio waliomfungulia masikio kwa wanamuziki wa Marekani: Big Bill Broonzy, Brownie McGhee, Woody Guthrie na Pete Seeger. Jill Doyle alikuwa pia dada yake Davy Graham kwa mzazi mmoja, mpiga gita ambaye jina lake tutalirudia.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Gita la kuazima lina adabu yake tofauti: linakunyima mazoea. Mwenye gita lake huzoea upana wa shingo yake, urefu wa nyuzi kutoka kwenye ubao, unene wa nyuzi anazozinunua mwenyewe. Anayeazima leo hili kesho lile hukutana na nyuzi zilizo juu mno, nyingine zimechakaa, nyingine za nailoni, na lazima muziki utoke hivyo hivyo. Ukisikiliza rekodi za mwanzo za Jansch, utasikia mkono wa kulia unaogonga kwa nguvu, wakati mwingine uzi unavutwa hadi unapiga ubao na kulia "pa". Watu huliita jambo hilo mtindo, na ni kweli likawa mtindo. Ila mkono unaojengwa kwenye magita ya watu hauwezi kutegemea ulaini wa chombo.

Hapa kuna jambo ambalo msomaji asipolijua, hadithi nzima ya Jansch inageuka kuwa hadithi ya kipaji tu. Nyimbo za jadi za Uingereza, kwa sehemu kubwa, ziliimbwa bila ala. Mtu alisimama au kuketi, akafumba macho, akaimba. Gita halikuwa sehemu ya urithi huo. Liliingia mikononi mwa vijana kwa wingi kati ya 1956 na 1958 pamoja na wimbi la skifo, nyimbo za Kimarekani zilizopigwa na vikundi vya akina Lonnie Donegan kwa gita na vyombo vya kujitengenezea. Ndiyo maana kwenye klabu ya mwimbaji Ewan MacColl kule London iliwekwa sera kwamba kila mwimbaji aimbe nyimbo za kwao na kwa lugha ya kwao. MacColl aliogopa wimbi hilo lisizizamishe nyimbo za wenyeji.

Sasa fikiria kijana anayetaka kuimba wimbo wa karne mbili zilizopita huku ana gita. Hakuna babu aliyewahi kuupiga wimbo huo kwa gita, kwa hiyo hakuna wa kumwiga. Akiweka kodi tatu za kawaida chini yake, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, wimbo unakufa, kwa sababu nyingi ya melodi hizo zimekaa kwenye mizani ya noti ambayo haijali kodi. Lazima abuni. Kila anachopiga chini ya wimbo ni kitu kipya, hata kama wimbo wenyewe ni wa kale. Jambo hili litatuumiza kichwa tukifika mwaka 1969.

Davy Graham alikuwa ametangulia. Mama yake alitoka Guyana, baba yake Mskoti. Mwaka 1962 kipande chake cha gita kiitwacho "Angi" kilitoka kwenye santuri ndogo, na kila kijana wa klabu alijifungia chumbani kukifumbua. Ugumu wa "Angi" si kasi. Kidole gumba kinashuka ngazi ya besi, A, G, F, E, bila kusimama, huku vidole vya juu vikipiga kitu ambacho hakikubaliani na mapigo ya gumba. Anayeanza hukwama mahali pamoja daima: gumba linaanza kuvifuata vidole. Dawa yake ni kupiga besi peke yake hadi uweze kuongea na mtu huku gumba linaendelea, ndipo uongeze uzi mmoja wa juu. Jansch alikiweka kipande hicho kwenye santuri yake ya kwanza, akachomeka katikati sehemu ya "Work Song" ya Nat Adderley, mpiga tarumbeta wa jazi. Hiyo ndiyo tabia yake: anachukua, halafu anakiacha kilichochukuliwa kikiwa kirefu kuliko alivyokikuta.

Graham pia ndiye aliyeleta tyuni ya DADGAD, namna ya kuzipangia noti nyuzi sita za gita, aliyoiunda ili aweze kupiga pamoja na wapiga udi wa Morocco. Wanaoujua udi kupitia taarabu wataelewa haraka. Udi hauna freti, vile vijiti vya chuma vinavyoikata shingo ya gita, wala hauna haja ya kodi. Noti moja inaendelea kulia chini na melodi inatembea juu yake. Gita la tyuni ya kawaida hung'ang'ania kodi. Ukilitoa hapo, linaanza kupumua.

Jansch mwenyewe aliiendea njia ya karibu zaidi: D ya chini. Nitaieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu kesi yetu inakaa hapa. Gita la kawaida, kutoka uzi mnene hadi mwembamba, ni E A D G B E. Kwenye D ya chini unalegeza uzi wa sita tu, ule mnene kuliko wote, toni nzima, kutoka E hadi D. Upige pamoja na uzi wa nne, ambao ni D ya juu yake, na uendelee kulegeza hadi mtetemo unaoyumba kati yao utulie. Usiishie hapo. Pita kidogo chini ya D, kisha ukaze kurudi juu, kwa maana uzi uliofikishwa kwenye noti kwa kulegezwa huacha nafasi kwenye kigingi, na baada ya wimbo mmoja utakuta umeshuka wenyewe. Halafu rudia kuukagua wa tano na wa nne. Shingo ya gita imepunguziwa mzigo, kwa hiyo nyuzi nyingine zimepanda kidogo sana, lakini sikio litajua.

Faida ni kwamba sasa nyuzi za sita, tano na nne zinalia D, A, D zikiwa wazi. Gumba lina uwanja mzima wa besi bila kidole hata kimoja cha kushoto kuhusika, na mkono wa kushoto wote unabaki huru kutembea juu. Gharama yake: kila noti ya uzi wa sita imehama freti mbili. G ya besi iliyokuwa freti ya 3 sasa iko freti ya 5, na umbo la kodi ya G ulilolizoea halifai tena. Uzi uliolegea pia hutetemeka kwa upana zaidi, kwa hiyo ukiugonga kwa nguvu za Jansch kwenye gita ambalo nyuzi zake ziko karibu na ubao, unakwaruza freti. Wengi hulaumu gita. Dawa ni uzi mnene zaidi, au mkono wenye adabu.

Mkono wa adabu hakuwa nao, na tunashukuru. Kutoka kwa Broonzy alijifunza gumba linalodunda noti moja kama moyo. Kisha akaanza kulivunja: gumba linanyamaza pale unapolitegemea, linarudi kabla ya zamu yake, mstari wenye mapigo manne unapewa la tano kwa sababu neno halijaisha mdomoni. Anayejifunza nyimbo zake kwa kuhesabu moja-mbili-tatu-nne hupotea kabla ya ubeti wa pili. Fuata pumzi ya mwimbaji, utamkuta.

Kati ya 1963 na 1965 alizurura Ulaya kwa lifti za barabarani, akipiga mitaani na kwenye baa, akafika hadi Tangier, ambako kuhara damu kulimfanya arudishwe Uingereza. Kule London, Anne Briggs, mwimbaji wa nyimbo za jadi aliyefahamiana naye Edinburgh, alimsaidia kupata pa kuingilia. Santuri ya kwanza ilirekodiwa na Bill Leader nyumbani kwake Camden kwa mashine ya tepu, gita likiwa, kama kawaida, la kuazima. Vipande 15. Humo mna "Needle of Death", wimbo wa rafiki aliyeuawa na dawa za kulevya, ulioandikwa bila mahubiri hata mstari mmoja. Mna pia "Do You Hear Me Now?", ambao Donovan aliuimba mwaka huo huo wa 1965 kwenye santuri ndogo iliyofika kileleni mwa chati ya santuri za aina hiyo.

Ndipo pauni 100. Hapa wengi huchanganya mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni wa rekodi: anayemiliki mkanda ndiye anayekula kwa kila nakala, na akishaununua kwa mkupuo, aliyepiga hana mrabaha wa kudai hata ziuzwe milioni. Mfuko wa pili ni wa utunzi: maneno na melodi, ambavyo hulipwa kila mtu mwingine anapouimba wimbo. Mtu anaweza kuupoteza wa kwanza na kubaki na wa pili. Kwa hiyo mauzo ya mkanda peke yake si ushahidi kwamba msanii ameachwa uchi. Kwa kijana asiye na gita wala makazi ya kudumu, pauni 100 taslimu leo zilikuwa kitu. Mrabaha wa kesho wa santuri ambayo hakuna aliyejua kama itauzwa ulikuwa maneno. Leader alirekodi nyumbani bila studio nyuma yake, na kampuni ilinunua kitu ambacho nayo haikujua thamani yake. Naona uzembe zaidi kuliko ujambazi. Swali langu ni mfuko wa tatu, ambao haukuwepo: wa vidole.

Septemba 1966 ikatoka santuri yake ya tatu, "Jack Orion", karibu yote ya nyimbo za jadi. Wimbo uliobeba jina la santuri unakaribia dakika 10, na kampuni yenye akili ya biashara ingeukata. Lakini ulioweka historia ni "Blackwaterside". Njia yake inajulikana: ulikuwa kwenye hazina ya rekodi za BBC, mtafiti A. L. Lloyd akampa Anne Briggs, Briggs akauimba bila ala, Jansch akausikia kwake. Maneno na melodi ni vya jadi, havina mwenyewe. Kile kipande cha gita kinachozunguka chini yake, kwenye D ya chini, kwa nyundo na mivuto ya kidole cha kushoto inayofanya noti mbili zitoke kwa pigo moja, hakikuwa BBC wala kwa Lloyd wala kwa Briggs. Kilitoka kwa Jansch.

Sasa mlolongo unaendelea. Al Stewart, mwimbaji kijana aliyekuwa akihudhuria sana maonyesho ya Jansch, alijaribu kukinakili kwa macho na masikio. Akakosea tyuni. Alidhani Jansch anatumia DADGAD, yaani uzi wa sita, wa pili na wa kwanza vyote vimeshushwa toni nzima, kumbe ni wa sita tu. Stewart akakipanga upya kwenye tyuni hiyo ya makosa, na alipokuwa studio akirekodi santuri yake ya kwanza, akamwonyesha mpiga gita wa kukodiwa aliyekuwapo. Mpiga gita huyo aliitwa Jimmy Page.

Januari 1969 santuri ya kwanza ya Led Zeppelin, bendi ya roki ya Page, ilitoka ikiwa na kipande cha dakika mbili na ushei, bila kuimba, gita kwa DADGAD na tabla, ngoma za Kihindi, iliyopigwa na Viram Jasani. Kiliitwa "Black Mountain Side". Mtunzi aliyeandikwa: Jimmy Page.

Transatlantic ilitafuta ushauri wa mwanasheria na wataalamu wawili wa muziki, na walioulizwa waliona kuna uwezekano wa kweli wa kushinda. Kesi haikufunguliwa. Gharama za kupambana na kampuni ya Led Zeppelin zilitisha, na tatizo la ushahidi lilikuwa gumu: melodi ya msingi ni ya jadi, kwa hiyo ilibidi uithibitishie mahakama ni noti zipi hasa ni mali ya Jansch na zipi ni mali ya kila mtu. Sheria ya Uingereza inalinda mpangilio mpya wa wimbo wa kale. Ila lazima uutenge na wimbo, na uzuri wa kazi ya Jansch ulikuwa kwamba hautengeki. Alishona hadi mshono haukuonekana, na mshono usioonekana hauna shahidi.

Wapo watakaosema: mbona Jansch naye aliokota kila mahali? Aliokota, tena sana. Broonzy, Graham, Adderley, hata Charles Mingus wa jazi yumo kwenye ile santuri ya kwanza. Lakini "Angie", kama "Angi" ilivyoandikwa kwenye santuri ya Jansch, ni ya Davy Graham, na hakuna aliyewahi kudhani vingine. Ukopaji wa klabu ulikuwa na daftari lake: kila mtu alijua nani kachukua wapi, na jina la wa kwanza lilitajwa jukwaani kabla ya wimbo. Daftari hilo lilifanya kazi kwenye chumba cha watu 100 kama Les Cousins, kule chini ya ardhi mtaa wa Greek, Soho, kwa sababu aliyeimbiwa na aliyeibiwa walikaa benchi moja. Santuri inayouzwa mabara yote haina benchi. Ina lebo ya karatasi, na kisichoandikwa pale hakipo. Kwa upande wa Page, haki ni kusema kwamba amekiri hadharani, zaidi ya mara moja, jinsi Jansch alivyomtawala enzi za ujana wake. Ungamo la gazetini halina mrabaha, lakini ni ungamo.

Linganisha na Neil Young, mwimbaji wa Kanada. "Ambulance Blues" yake ya 1974 imejengwa juu ya gita la "Needle of Death", jambo ambalo Young amelisema mwenyewe waziwazi. Mwaka 2010 na tena 2011 alimchukua Jansch kwenye ziara zake za Amerika Kaskazini kufungua maonyesho, na mwaka 2014, Jansch akiwa ameshafariki tarehe 5 Oktoba 2011, akaurekodi "Needle of Death" wenyewe.

Mwenye magita mawili anaweza kuisikiliza kesi nzima nyumbani. Moja liweke D ya chini, la pili DADGAD. Piga nyuzi za sita, tano, nne na tatu zikiwa wazi: yanafanana, D A D G. Nenda kwenye wa pili. Gita la Jansch linalia B, la Page linalia A. Wa kwanza, E kwa Jansch, D kwa Page. Ili noti zile zile zitoke, vidole vya Page vinapaswa kwenda freti mbili juu zaidi kwenye nyuzi hizo mbili, na pale anapouacha uzi wazi, unalia noti ambayo Jansch hakuwa nayo. Tofauti zote hizo zilizaliwa na kosa la Al Stewart. Funika nyuzi hizo mbili kwa kiganja, uache gumba liendelee peke yake chini.